Mkono Uliong'oa Mlamula

Nilipokuwa mtoto niliandika kwa mkono wa kulia. Naanza na hilo kwa sababu wateja wangu hapa Hamugembe, Bukoba mjini, huniona nachukua vipimo kwa kushoto, nakata kitambaa kwa kushoto, wakasema, "Dada Adive, kumbe wewe ni wa kushoto." Nawajibu ndiyo. Mtu aliyekuja kushonewa sare ya mtoto hana haja ya kusikia habari za baba yangu.

Lakini sikuzaliwa hivyo. Mkono wangu wa kulia uliniacha nikiwa darasa la saba, na sababu yake ilikuwa mmea.

Kwetu ni Muleba, kilimani, ambako nyumba hazionekani kwa wingi wa migomba. Mgeni akipita barabarani atadhani lile ni shamba moja la tajiri mmoja. Wapi! Ni vibanja vya watu, kimoja kimeshikana na kingine, na kinachotenganisha changu na chako si ukuta wala waya bali mlamula, mti mwembamba wenye majani marefu ya kijani unaopandwa kwa mstari mpakani. Ukikata kipande chake ukakichomeka ardhini, kinashika. Ukisahau kipande cha mzizi chini ya udongo, kinachipua. Ndiyo maana wazee waliuchagua kuwa alama, kwa sababu hauna adabu ya kufa.

Bibi, mama yake baba, ndiye aliyetufundisha habari zake. Alikuwa akimenya ndizi huku anasema, bila hata kuinua macho: "Mlamula wa mpaka hauguswi. Mtu akiung'oa, mkono ule ule uliong'oa unakauka. Mkono ukishakauka, anafuata mwenyewe." Alikuwa na mfano wake wa mtu wa ng'ambo ya bonde aliyesogeza mpaka wa jirani, mkono ukajikunja kama jani la mgomba wakati wa kiangazi, na mavuno ya pili ya kahawa hakuyaona. Bibi huyo huyo alisali rozari kila jioni. Hakuona kwamba mambo hayo mawili yanagombana, na sisi wajukuu pia hatukuona.

Baba yetu tulimwita Tata, kama Wahaya wote. Wenzetu wa mikoa mingine hututania kwa ajili ya majivuno yetu, wanatuita nshomile, yaani wale wasiochoka kutangaza kuwa wamesoma. Tata aliishia darasa la nne lakini unshomile alikuwa nao wote. Alikuwa kiongozi wa jumuiya yetu kanisani, alisoma somo la kwanza Jumapili kwa sauti nzito, na aliwacheka mbele yetu watu wanaofunga hirizi. "Giza la akili," alikuwa akisema. Na nisimsingizie: hakuwahi kunipiga, hata kofi.

Hilo la kutopigwa nalirudia kwa sababu. Siku hizi huku kwetu huja watu wa miradi, vitambulisho shingoni, wanakusanya wazazi na vijana kwenye ukumbi wa kata, wanagawa soda na karatasi za maswali. Je, baba yako hukupiga? Je, hulewa? Je, hukunyima chakula? Wana nia njema, na wako watoto ambao maswali hayo yamewaokoa. Ila mimi ningejaza karatasi ile kwa upande wa Tata, hapana, hapana, hapana, na angetoka pale na alama zote.

Nyumba yetu ilikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ulikuwa Baba Mdogo Evodi. Babu alipokuwa anakufa aliacha wosia kwamba kibanja cha zamani, pamoja na nyumba kubwa anamokaa Bibi, kiende kwa Evodi, mdogo wake Tata. Tata alikuwa amekaa Mwanza miaka sita akitafuta maisha, na Babu alipougua mara ya kwanza hakurudi. Akapewa upande wa juu, wenye mawe. Baba Mdogo alikuwa mwalimu, anaishi Buhembe mjini na familia yake, na kijijini alikuja wakati wa kahawa na wakati wa sikukuu. Kati ya upande wake na wetu ilisimama milamula saba.

Ng'ambo tu ya milamula hiyo, upande wa Baba Mdogo, palikuwa na mstari wa mibuni kumi na mmoja. Tata hakuweza kula bila kuitaja.

"Mashimo ya mibuni ile niliyachimba mimi," alikuwa akisema. "Nikiwa na miaka kumi na miwili. Mikono ikatoka malengelenge. Evodi alikuwa bado anabebwa mgongoni."

Mama alikuwa akijibu, "Kula, baba Deus, chakula kinapoa." Kilipoa kweli. Tulikaa tumeinamisha vichwa, mimi na kaka zangu wawili, Deus na Novati, na hakuna aliyethubutu kuomba mchuzi. Nilijua hesabu za moyo wa Tata kuliko hesabu za shuleni. Akiweka kikombe chini taratibu, kuna amani. Akikishikilia bila kunywa, Evodi ameonekana barabarani au ametuma salamu.

Leo namwonea huruma mvulana yule wa miaka kumi na miwili, mwenye malengelenge. Nasema kweli. Babu alimuumiza, na hakuna aliyemwambia pole. Lakini mtu akiumizwa na baba yake ana njia mbili, na Tata alichagua yake akiwa mtu mzima mwenye akili timamu.

Ilikuwa kipindi cha masika, udongo umelainika. Jumamosi Tata aliwaita Deus na Novati, akawaambia waende Izimbya kwa shangazi kumsaidia kuezeka jiko lake, walale huko, warudi Jumatatu. Walifurahi, maana kwa shangazi kulikuwa na nyama. Jumapili asubuhi Mama na Bibi walitangulia misani. Tata alikuwa ameshavaa shati lake la kanisani, akasema tumbo linamsumbua. Mimi aliniambia, "Wewe baki. Kuna kazi."

Alinipa jembe na panga, akatangulia mbele, mikono ameifunga nyuma mgongoni. Tulipofika mpakani alinyoosha kidevu kuelekea mlamula wa kwanza.

"Ng'oa huo."

"Tata, si ndio mpaka?"

"Ni mpaka uliopandwa vibaya. Tunaurekebisha."

"Lakini Bibi alisema..."

"Bibi yako ni mtu wa zamani," alisema. "Na wewe unasoma. Chimba."

Nikachimba. Udongo ulikuwa mwepesi lakini mizizi ilikuwa imeshika, mingine ilikatika ikabaki chini. Nililegeza kwa jembe, nikatupa jembe, nikashika shina kwa mikono nikavuta, ule mkono wa kulia chini, karibu na mzizi. Tata alipima hatua tatu ndefu kwa miguu yake, akauvuka mstari wa mibuni, akasimama. "Hapa." Nikachimba shimo pale, nikapanda. Kisha wa pili, kisha wa tatu. Hakugusa jembe, hakugusa panga, hakugusa hata jani lililoanguka. Mlamula wa nne ulikuwa mzito, nikaukumbatia nusu nusu nikamwelekezea anishikie upande mmoja. Alirudi nyuma haraka mpaka mgongo wake ukagonga mgomba.

"Weka chini," alisema. "Nimevaa nguo za kanisani."

Nikaona ana haki. Shati lilikuwa jeupe.

Ilipofika wa tano alianza kunihimiza. Misa inakaribia kwisha, nisichimbe sana, nikate tu chini kidogo nivute kinachovutika. Huko ndiko alikokosea, na nasema alikosea kwa maana ya mkulima. Mtu aliyekulia kwenye migomba anajua mlamula unaobakizwa mzizi haujang'olewa. Alijua. Lakini haraka na choyo vilimziba akili, na mimi nilifanya nilivyoambiwa. Tulipomaliza alisambaza majani makavu kwa mguu juu ya mashimo ya zamani, akaniambia nikanawe kijitoni, nisinawe kwenye beseni la nyumbani.

"Mambo ya kibanja hayasemwi," alisema. Ndiyo maneno yote niliyopata.

Mwezi ukapita. Mimi nilikuwa nikijitazama mkono kila asubuhi kabla ya kutoka kitandani, nakunja vidole, nakunjua. Vilikuwa vizima. Nikaanza kucheka peke yangu, nikasema Bibi ana hadithi zake na Tata ana akili zake. Nilikuwa wa tatu darasani. Mwalimu wetu alishaniambia kuwa sekondari naingia bila wasiwasi.

Kisha siku moja Mama akanituma kukata majani ya kufunikia ndizi jikoni. Nilipoinama chini ya mgomba niliona kitu cha kijani kibichi kimetokeza katikati ya majani makavu. Chipukizi. Nikainua macho nikaona ya pili, mbele yake ya tatu, zote kwenye mstari wa zamani. Nilihesabu saba. Hata moja haikukosekana.

Sijui kuwaelezea watu waliokulia mjini nilivyojisikia. Akili ya shule iliniambia mzizi ulibaki, umechipua, somo la kilimo darasa la tano. Moyo ukaniambia milamula imeinuka inamtafuta aliyeing'oa, na inamjua. Nilizivunja zile chipukizi kwa mkono, ule ule, nikazitupa chooni. Baada ya siku nne zilikuwa zimerudi, kila shimo mbili mbili. Nikawa naamka kabla ya kupambazuka vizuri, navunja, nanawa, nakwenda shule. Karibu mwezi mzima nilifanya hivyo. Sikumwambia Mama. Sikumwambia Tata, maana ningemwambia nini? Kwamba kazi yake nimeifanya vibaya?

Kwanza vidole viliingia ganzi. Kisha kalamu ikaanza kuanguka. Nilikuwa naiokota, naishika, naandika maneno matatu, inaanguka tena, wenzangu wanacheka. Kisha mkono mzima ukawa mzito kama si wangu, unaning'inia tu. Nilikonda. Nilianza kukojoa kitandani, msichana wa miaka kumi na minne, na Mama alikuwa anafua mashuka kabla kaka zangu hawajaamka ili wasijue. Alinipeleka zahanati. Daktari alinigonga magoti, akanichoma sindano vidoleni nikaruka, akasema mishipa ni mizima. "Mtoto huyu ana mawazo," alimwambia Mama. "Kuna nini nyumbani?"

"Hakuna kitu nyumbani," Mama alisema. Aliamini hivyo. Au alitaka kuamini, sijui, naye ameshalala kaburini na sitaki kumhukumu.

Tata alisikia ya zahanati. Tangu jioni ile alisema chakula chake akipakue Mama mwenyewe, nisikiguse. Nilidhani ananionea kinyaa kwa sababu ya kukojoa.

Baba Mdogo Evodi alikuja mwanzoni mwa mavuno. Aliingia kibanjani na vikapu, akakuta mstari mzima wa mibuni umeshachumwa, na Tata amesimama upande wa pili wa milamula amekunja mikono. Maneno yaliyotoka pale sitayaandika. Ndugu wawili wa tumbo moja, wazazi wa watu, wanatukanana kwa jina la mama yao naye amekaa barazani anasikia. Kisha Baba Mdogo akaona chini. Siku hiyo sikuwa nimewahi kuvunja chipukizi. Zilikuwa zimesimama pale, kwenye mashimo yote saba, kama mashahidi walioitwa.

Ukoo ukaitisha kikao uani kwa Bibi. Wazee sita, viti vya kuazima, kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna kikazunguka kwanza kama ilivyo desturi, kila mtu akachukua punje mbili tatu, akatafuna, ndipo maneno yakaanza. Baba Mdogo alionyesha chipukizi. Hazikuwa na ubishi. Mzee wa ukoo akamgeukia Tata.

"Milamula ilitembea yenyewe?"

Tata alikohoa. Nilikuwa nimekaa na Mama kwenye mkeka karibu na mlango wa jiko. Sikutegemea kusikia jina langu.

"Ni Adiventina," alisema. "Watoto. Wanacheza bila kujua wanacheza na nini. Mimi mwenyewe nimeona baadaye."

Watu wote wakanitazama. Mama alinigeukia taratibu, akaona mkono wangu, na nikaona kwenye uso wake kwamba sasa ameelewa ugonjwa.

"Mjukuu wangu," mzee aliniuliza, kwa upole, sitakataa kwamba alikuwa mpole, "ni wewe uliyeng'oa?"

Ningesema nini? Ni mimi. Mikono ilikuwa yangu.

"Ndiyo, waitu," nilijibu, kwa neno letu la heshima.

"Ulitumwa na nani?"

Nikamtazama Tata. Wallahi, angeinua macho tu ningesema. Alikuwa anatazama mabuti yake, anang'oa udongo uliokauka kwenye soli kwa kijiti, taratibu, kama mtu anayesubiri mvua ipite.

"Sikutumwa."

Baba Mdogo alicheka kicheko kibaya. "Mtoto wa kucheza anapima hatua tatu tatu, saba zote sawasawa? Huyu mtoto ni fundi wa serikali?"

Walijua, wazee wote sita. Bibi alijua. Alikuwa amejifunika uso kwa khanga. Lakini wangesema kuwa ni Tata, ndugu wawili wangefika mahakamani, na ukoo ungechekwa kutoka Nshamba mpaka Kamachumu. Mtoto alikuwa njia rahisi. Wakaamua kwamba milamula irudishwe na mkono ule ule ulioing'oa, mbele ya mashahidi, na Tata atozwe vibuyu viwili vya lubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa kosa la malezi mabaya. Wazee wakacheka, Tata naye akacheka, na faini ikanywewa siku hiyo hiyo. Mimi nilikuwa napanda milamula kwa mkono usiosikia, Mama ananishikia shina, machozi yake yanadondoka kwenye mashimo.

Mtihani wa darasa la saba niliufanya kwa mkono wa kushoto niliojifundisha kwa wiki kadhaa. Herufi zangu zilikuwa kama za mtoto wa chekechea. Karatasi ya hesabu sikufika nusu. Msimamizi alisema kalamu chini, na mimi nilijua maswali yote yaliyobaki, nilikuwa naona majibu yake. Sikuchaguliwa. Deus alisoma, Novati akasoma mpaka chuo. Tata aliwaambia majirani, "Yule msichana atapata pa kwenda." Nilipotimiza miaka kumi na sita shangazi alinileta Bukoba kwa fundi cherehani. Mkono wa kulia ulianza kurudi polepole kwenye kitambaa, mbali na kibanja. Leo unabeba ndoo, unapiga pasi, unamshika mtoto. Kuandika na kukata haukurudi, nami nimeacha kuudai.

Kwa miaka yote hiyo nilimtengenezea Tata utetezi. Huo ndio ujinga wa watoto wa watu. Nilisema: yeye hakuamini. Alikuwa mtu wa kanisa, aliwacheka wenye hirizi, kwake mlamula ulikuwa mti tu. Alikuwa na kazi ya mikono, kaka zangu hawapo, akamtuma mtoto aliyekuwepo. Aliona aibu kikaoni akanisukumia mimi, ni udhaifu, ni dhambi, lakini ni dhambi ya mwoga. Dhambi ya mwoga naweza kuishi nayo. Nilimpelekea sukari. Nilimnunulia miwani. Mama alipofariki nilimshonea koti la msibani.

Mwaka jana nilimleta kwangu atibiwe macho hospitalini mjini. Alikaa wiki mbili. Ana heshima zake, anaamka mapema, anasalimia majirani, wanampenda. Siku moja mchana alikuwa amekaa barazani karibu na cherehani yangu, mimi napiga pasi sketi za shule. Aliutazama mkono wangu.

"Mkono ule ulipona vizuri," alisema.

Hakuwahi kuutaja hata mara moja tangu nikiwa na miaka kumi na minne. Niliweka pasi pembeni.

"Tata, maneno ya Bibi kuhusu mlamula, wewe uliyaamini?"

Alishangaa. Nadhani aliona ni swali la kitoto.

"Nani haamini mlamula? Mtu wa ng'ambo ya bonde nilimwona kwa macho yangu. Nilisaidia kumbeba."

"Uliamini siku ile? Jumapili ile?"

"Mwanangu, niliamini tangu sijazaa."

"Ndiyo maana uliwapeleka akina Deus Izimbya."

"Wale ndio wenye kibanja," alisema, bila hasira, kama anayeeleza namna ya kupogoa migomba. "Huwezi kuweka mkono wa mrithi kwenye kitu kama kile. Wewe ni wa kuolewa. Nilifikiri laana ya ardhi itakupita, maana wewe si wa ardhi ile."

"Na kama isingenipita?"

Tata alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa.

"Lakini hukufa," alisema.

Alisema kama mtu aliyepiga hesabu ikatoka sawa. Nilichukua pasi nikamaliza sketi, maana mwenye sketi alikuwa anaisubiri. Jioni nikampakulia ndizi na maharage, akala, akashukuru. Siku zake zilipotimia nilimpandisha gari la Muleba, nikamlipia nauli. Bado nampelekea sukari. Padre amenifundisha kusamehe na najitahidi kwa mengi, hata kwa mtihani, hata kwa kikao. Hili la Izimbya sijalisamehe, na nikiungama sidanganyi kwamba nimelisamehe.

Kwa sababu kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, hata mume wangu. Jumapili ile asubuhi, Tata aliposema nibaki kuna kazi, nilifurahi. Mambo ya kibanja siku zote alikuwa akiwaita akina Deus, mimi nikibaki jikoni. Nilichukua jembe mwenyewe kabla hajanionyesha lilipo. Nilimfuata nyuma katikati ya migomba nikijikaza nipige hatua ndefu kama zake, na moyoni nilikuwa nasema, leo Tata amenichagua mimi.